Alikuwa Mugeni Wenu

Ndizi ya pombe haiivaki juu ya muti. Unaikata ikingali kijani, unachimba shimo, unatandika majani makavu, unapanga ndizi ndani, unafunika tena na majani na udongo, kisha unaiacha huko chini ijisumbue yenyewe mpaka iive. Kwetu mulimani kila lupango, ni kusema kiwanja ya mutu na nyumba yake, ilikuwa na shimo yake nyuma ya nyumba. Jioni harufu ya utamu ilikuwa inatoka mu udongo, na wanaume wa jirani walianza kupita pita karibu sawa vile wamepoteza mbuzi. Hakuna mutu alikuwa amepoteza mbuzi. Ni kasiksi, ile pombe ya ndizi, walikuwa wanafuata.

Miye nilisoma mpaka mwaka wa kwanza na kipande ya mwaka wa pili. Baba alisema ng'ombe hazijui kusoma lakini zinajua kupotea, akanitosha ku masomo nikaenda kuchunga. Kwa hiyo ninaandika sawa vile ninasemaka. Nikipotea njia munisamehe, nitarudi.

Jioni moja mutu wa kuuza majembe alifika kwetu akaomba kulala. Hatukumujua. Baba akamupa kiti, mama akaongeza maji mu sufuria ya bugali. Yule mutu akaenda nyuma ya nyumba kujisaidia, na shimo ya ndizi tulikuwa tumeitosha ndizi asubuhi ile, ikabaki tupu na majani tu juu. Tulisikia "Yoo!" mara moja. Baba alimutosha mule akamubeba ku mugongo. Muguu ilikuwa imevimba sawa kiazi kikubwa.

Nitasema ukweli, miye yule mutu nilimuchukia. Alilala ku kitanda ya baba, na baba na mama wakalala chini jikoni, karibu na mbuzi. Munganga wa mifupa alitoka ng'ambo ya mulima akamufunga na vijiti. Na kila asubuhi mama alimupikia yai. Yai! Miye mutoto wa ile nyumba yai nilikuwa naionaka tu ikipita mu sahani ya wengine. Nilisimama ku mulango nikiangalia mudomo yake ikitafuna.

Kisha ndugu zake wakasikia habari, wakakuja na fimbo. Baba akawangojea mu njia, mikono mitupu. Mukubwa wao akauliza:

"Mutu wetu alivunjikia wapi?"

"Kwangu."

"Nani alimuangusha?"

"Lupango yangu."

"Alikuwa nani kwako?"

"Alikuwa mugeni wangu."

Fimbo zikashuka. Hivi tu. Wakaingia, wakakaa, wakakunywa. Usiku nikamuuliza baba juu ya nini hawakumupiga. Akasema mutoto wako akianguka mu shimo yako, ni mujinga, alikuwa anaijua. Mwizi akianguka, amelipwa. Lakini mugeni akianguka kwako, ni weye umeanguka, juu yeye hakujua fasi anakanyaga, alikuamini. Na ukisha kusema "ni mugeni wangu", hakuna tena mutu wa kukuuliza neno, umejibeba muzigo yote. Ile neno niliiweka mu kichwa sawa vile mutu anaweka nguo ya siku kuu chini ya godoro.

Sasa niwaambie juu ya mama wa batoto, bibi yangu wa ndoa.

Yeye ni mutu wa Luvungi. Kule mu plaine udongo imelala, unaweza kuona mutu anakuja tangu asubuhi na anafika mchana. Nilimuleta Bukavu tukingali vijana, na tangu siku ya kwanza alikataa huu muji. Bukavu, munajua, ni kupanda na kushuka. Ukitaka chumvi, unashuka. Ukirudi na chumvi, unapanda. "Batu ya huku munatembea sawa mbuzi," alikuwa ananiambia. "Kwetu Mungu alitandika inchi vizuri. Huku aliitupa tu akaenda." Miye nilikuwa nashonaka viatu ku Nyawera, na namujibu: "Juu ya hii milima watu wanamaliza viatu mbio, na ni hizo viatu zinakulisha." Tulicheka hivyo miaka yote. Hata mashindano ya ndoa inakuwaka na wimbo yake, na yetu ilikuwa hiyo.

Nilimushonea sandali za mupira wa gari, zinashika chini sawa kucha. Aliogopa escalier, zile ngazi za sementi. Akifika ku escalier anashika kitambaa chake juu ya magoti, anageuka kando kando, anashuka sawa mutu anaingia mu maji baridi.

Basi mudogo wake alikuja kutoka Luvungi na ugonjwa ya tumbo, tukamuingiza mu hospitali. Jina ya hospitali nitaiacha pale pale ilipo. Mama wa batoto akawa garde-malade wake. Wale hawajui, niwaambie: mu hospitali zetu munganga anatoa dawa, lakini kulisha, kufua, kugeuza mugonjwa, kumwanga mukojo, ni mutu wa familia. Huyo njo garde-malade. Analala chini ya kitanda ya mugonjwa, ku mukeka. Wanamupa kicarton na kamba, avae mu shingo, juu mulinzi asimufukuze. Bila garde-malade hospitali inakufa njaa, na munganga anabaki na sindano yake akiangalia ukuta.

Jikoni ya wagarde-malade ilikuwa chini, na ya kufika kule kulikuwa escalier ya sementi. Ngazi moja ya katikati ilikuwa imekatika mudomo, chuma imetokea. Zamani sana. Kila mutu alijua. Wamama walikuwa wanaambiana wakishuka na sufuria: "Ruka! Ruka!" Mutu mupya anafundishwa kuruka siku ya kwanza, sawa vile anaonyeshwa choo. Na fasi ya kushika hakukuwa. Walikata ile chuma ya kushikia, wakasema wataweka ingine.

Asubuhi ile mama wa batoto alikuwa anapanda na sufuria ya uji ya mudogo wake, na nyuma yake kulikuwa mama mwingine anamuharakisha. Hakuruka vizuri. Ni mutu wa plaine, hajui kuruka. Uji ilimwangika ku mikono, na yeye akaenda chini mpaka fasi ya majivu.

Nilipofika nilimukuta ku kitanda ya urgence, kule wanapokeaka watu ya haraka. Paja ilikuwa imevunjika. Akaniangalia akasema: "Papa wa batoto, muji yako imenipata."

Walimufunga muguu na plâtre ya haraka, ile inakaukaka sawa jiwe, wakamuwekea kitanda mu corridor. Munganga moja kijana, mutu wa heshima, aliniita pembeni. "Papa," akasema, "plâtre peke yake haitoshi. Paja hii inaomba chuma ndani. Tukifanya mbio, maman atatembea. Mufupa haingojaki mutu. Ukichelewa, inajishikamanisha yenyewe, na itajishikamanisha vibaya."

"Basi mufanye," nikasema.

"Miye peke yangu siwezi kuamua. AG njo anapashwa kukubali."

AG ni yule anaangaliaka mambo yote ya hospitali isipokuwa dawa: watu, nyumba, mafuta ya groupe ya umeme. Kuweka chuma ilikuwa kitu ya uwezo, na sisi uwezo hatukuwa nayo. Lakini kama hospitali inakubali kwamba ile paja ni yake, ilivunjikia ku mikono yake, basi wanafanya bila kutulipisha. Ilikuwa hapo tu. Muguu ya mama wa batoto ilikuwa inangojea neno moja.

Kesho yake asubuhi nilivaa koti. Niliingia mu biro. AG alikuwa mutu ya mwili, miwani mu kamba, sauti ya pole pole. Alinipa kiti, akauliza habari ya nyumbani. Siwezi kusema alikuwa mutu mubaya. Mutu mubaya unamujuaka mbele, unajikaza.

"Papa, nimesikia. Pole. Maman alivaa nini ku miguu? Kamambili, zile za kutereza?"

"Hapana. Sandali nilishona miye mwenyewe. Hizo haziterezi."

"Alikuwa anabeba?"

"Uji ya mugonjwa wenu."

Akatingisha kichwa. Akaangalia dirisha. Kisha akauliza, na nikawa sawa mutu anasikia mulango ya nyumba ya zamani ikifunguka:

"Na maman, alikuwa nani huku kwetu?"

Mbele ya macho yangu niliona baba mu njia, na zile fimbo. Nikajua neno ya kusema. Nilingojea kusema ile neno tangu utoto. Nikainuka hata ku kiti.

"Alikuwa mugeni wenu," nikasema.

"Mugeni?"

"Mugeni wenu kabisa."

"Ah," AG akasema, na uso yake ikapumuzika. "Visiteur."

Nikaitika. Sikuona ubaya. Visiteur, mugeni, si ni kitu moja? Hata ku radio wanasemaka visiteur wa maana amefika, wanamutandikia tapis.

"Alianguka saa ngapi, papa?"

"Asubuhi. Jua ilikuwa bado kupanda."

"Saa ya wageni ni mchana," AG akasema pole pole, sawa mutu anaonyesha mutoto kufunga kamba ya kiatu. "Imeandikwa ku portail, pale munaingilia, kubwa. Mugeni ya asubuhi, sisi hatumujui. Aliingia namna gani? Tunajibu juu ya wagonjwa wetu. Tunajibu juu ya wagarde-malade, hao tuliwaonyesha fasi. Lakini visiteur, na nje ya saa… Papa, pole sana. Tutamuombea."

Nilitoka mule nikingali nafurahi, ni hii ndiyo inanichomaka. Nilifika mu corridor nikawaambia wamama kwamba mambo iko sawa, nimewaambia ni mugeni wao. Mama moja munene, garde-malade wa bwana yake, akaacha kumenya ndizi.

"Ulisema nini, muzee?"

"Mugeni."

"Yesu wangu! Batu, mukuje musikie! Muzee alimuita bibi yake mugeni!" Wakacheka, wakashika vinywa. "Papa, huku mugeni ni yule anakuja na machungwa mbili, anauliza 'umelala namna gani?', anaangalia saa, anaenda. Mugeni hata bassin hajui fasi inakaa! Bibi yako amelala chini ya hii kitanda mpaka mbu zinamujua jina!"

"Muache muzee," mwingine akasema. "Ni watu ya zamani."

Mama wa batoto alikuwa anasikia yote. Hakucheka. Akaniita na kidole. "Rudi," akasema. "Uwaambie ni miye nilimulisha mugonjwa wao."

Alikuwa ameacha kicarton yake ku kitanda ya mudogo wake ile asubuhi ya kuanguka, juu kamba ilikuwa imelowa wakati wa kufua. Nikachukua kicarton, nikarudi mbio ku biro, wakaningojesha mpaka saa sita, kisha nikaiweka ku meza. AG akavaa miwani yake, akaigeuza.

"Papa, hii ni ya kitanda. Haina jina ya mutu. Leo anaivaa maman, kesho anaivaa kaka."

"Lakini alikuwa garde-malade!"

"Asubuhi ulisema visiteur."

"Nilisema mugeni, patron. Kwetu mugeni…"

"Papa." Sasa alikuwa anacheka kidogo, na planton, mutumishi wa ku mulango, akacheka pia. "Asubuhi visiteur, sasa garde-malade. Tukikungojea mpaka jioni si atakuwa munganga?"

Nilijaribu kumuelezea shimo ya ndizi. Nilimuelezea yai na fimbo na baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mwisho akasema kwamba desturi ni kitu nzuri sana, hata yeye babu yake alikuwa nayo. Kisha akapokea simu.

Mama wa batoto walimurudisha nyumbani na plâtre yake. Watu ya kanisa walimubeba ku tipoy, ile kitanda ya kubeba ku mabega, mpaka njia kubwa, na kule tukapata gari. Mudogo wake alipona, akarudi Luvungi na kulia, akisema ni tumbo yake ilivunja muguu ya dada yake. Batoto wetu wako mbali, kila mutu na shida yake. Walipiga simu, walilia mu simu. Kulia mu simu haina pa kushika.

Kila asubuhi nilipanda kule. Nje ya biro ya AG kulikuwa banc, kiti kirefu ya watu wanangojea, na miye nikawa mutu wa ile banc. Planton alinizoea. "Muzee amefika, sasa tunaweza kufungua hospitali," alikuwa anasema. AG alikuwa mu réunion. AG alikuwa amesafiri. AG alikuwa ndani lakini na watu. Ile banc ilikuwa na musumari moja upande wa kushoto, kila mutu mupya alijikwaruza nayo, na miye nilikuwa nawaambia: "Kaa huku, hapo kuna musumari." Siku moja nikajisikia nasema hivyo. Nilikuwa sawa wale wamama: "Ruka! Ruka!" Hakuna mutu anagongelea musumari. Tunafundishana tu kuikimbia.

Nyumbani mama wa batoto alikuwa ananingojea na macho. Sikuwa na lazima ya kusema. Alisoma ku namna nilikuwa natosha kofia. Aliacha kunisumbua juu ya Bukavu. Hiyo njo iliniumiza kuliko. Miaka yote alitukana huu muji, na sasa alikuwa analala akiangalia mabati. Nikamwambia: "Sema hata neno. Sema tunatembea sawa mbuzi." Akasema: "Mbuzi inatembea."

Mara moja nilikutana na yule munganga kijana ku portail. Akaniuliza kama walikubali. Nikasema bado. Akaangalia viatu vyake. "Papa, mufupa haingojaki," akasema tena, akaingia ndani.

Kisha plâtre wakaitosha ku centre de santé, ile hospitali ndogo ya kwetu, na asubuhi moja mama wa batoto aliniomba bega. Akainuka. Nilikuwa nasikia uzito yake yote ku shingo yangu. Muguu moja ilikuwa fupi, na kikanyagio yake imegeuka inje, sawa inataka kwenda njia yake yenyewe. Ilisimama lakini. Haikuuma sana. Akaiangalia muda mrefu, vile mutu anaangalia mugeni hakumualika.

"Ilishika," akasema.

"Ilishika," nikasema.

"Ilishika hivi hivi." Akakaa. Akafunika magoti na kitambaa. "Papa wa batoto, nenda uwaambie waache haraka."

Hata leo sijui kama alikuwa anacheka. Nilienda, juu miguu yangu ilikuwa imezoea. Nilipitia chini, upande wa jikoni. Na kule ku escalier nikakuta fundi na mwiko yake, anamaliza kulainisha ile ngazi. Sementi ingali mubichi. Pembeni walikuwa wamesimamisha chuma ya kushikia, mupya, rangi ya bulu.

"Pita kando, muzee, isikauke na alama ya kiatu yako!" fundi akasema. Alikuwa na furaha, kazi yake ilikuwa nzuri. "Sasa hapa hakuna mutu ataanguka tena. Wanasema kuna mugeni mumoja aliangukia hapa."

Nilishika ile chuma. Ilikuwa baridi na nguvu. Nikapanda kando kando, sawa mama wa batoto, mpaka juu, nikakaa ku banc, upande wa kuume, mbali na musumari.

Sikukaa sana siku ile. Nilisikia kengele ndani, na planton akatoka, na uso ya mutu analeta habari nzuri.

"Muzee! Leo una bahati. AG yuko peke yake." Akafungua mulango kubwa, akasema kwa sauti ili watu wote ku banc wasikie: "Mugeni wa AG aingie!"

Ndani niliona kile kiti, na meza, na miwani ku kamba. AG aliinua mukono ananiita. Nilitafuta mu kichwa kitu nilikuja kuomba. Nilitafuta vizuri. Muguu ilikuwa imekwisha kushika.

Niliinuka, nikavaa kofia. Mutu wa karibu yangu akasogea upande wa kushoto kwa kunipisha, na nikasahau kumwambia juu ya musumari.

"Muzee, ni huku! Mulango iko huku!" planton akaita. "Si njo uliililia siku zote? Muzee!"

Nilishuka na corridor, nikapita portail na ile kibao ya saa za wageni, nikashika njia ya kushuka Nyawera. Sijarudi kule tena.